Msikilizeni Verdi wa Uzeeni

Ukimtaja Giuseppe Verdi mbele ya wapenzi wa muziki wa Ulaya, watakuimbia kwaya ya mateka katika Nabucco, watakutajia Rigoletto na La traviata, na hawatamaliza bila Aida, iliyozinduliwa Cairo mwezi Desemba 1871. Sina ugomvi na kazi hizo. Ninachoshikilia ni kwamba Verdi aliye mkuu kuliko wote ni yule wa mwisho: mzee aliyetunga opera moja ya kuchekesha, Falstaff, na nyimbo nne za dini, kisha akaweka kalamu chini. Wengi wanaompenda Verdi hawajawahi kuzisikia kazi hizo, na wanakosa jambo kubwa.

Nasema hivi nikiwa mwimbaji wa alto. Nimeimba sauti hiyo tangu nilipokuwa msichana wa shule, na sasa nawafundisha wengine katika kwaya ya parokia yetu hapa Moshi. Wenye kuimba alto wanaijua hali yetu. Soprano ndio wenye wimbo, ule ambao waumini hutoka nao kanisani wakiuimba njiani. Tenori hupewa mahali pa kupaza sauti, besi hushika msingi. Sisi tunakaa katikati, mara nyingi tukirudia noti mbili tatu zile zile, na tusipokuwepo wimbo wote unapwaya. Kwa hiyo kila mtunzi namsikiliza kwa kuuliza: watu wa katikati amewapa nini? Kwa swali hilo Verdi mzee anawashinda wengi, akiwemo Verdi kijana.

Mwaka 1888 gazeti la muziki la Milan, Gazzetta musicale, lilichapa fumbo. Mwalimu mmoja wa muziki, Adolfo Crescentini, alipanga ngazi ya sauti isiyo ya kawaida, akawataka wasomaji waitungie sauti za kuisindikiza. Ukiisikia mara ya kwanza utadhani mwimbaji amepotea: inapanda nusu hatua, inaruka hatua moja na nusu, inakwenda hatua nzima tatu mfululizo, kisha inafika juu kwa nusu hatua mbili. Verdi alikuwa amekwisha kupata kila sifa ambayo mtunzi angeweza kuitaka, wala hakuwa na haja ya kushindana na wasomaji wa gazeti. Alilichukua fumbo lile akaliwekea maneno ya Salamu Maria, kwa sauti nne bila ala yoyote. Besi wanaibeba ngazi kwanza, noti moja ndefu baada ya nyingine, kupanda na kushuka, huku wengine wakisali juu yao. Besi wakimaliza, inakuja kwetu alto. Kisha tenori, na mwisho soprano. Kila sauti inapata zamu ya kuwa uti wa mgongo wa sala, na kila sauti inapata zamu ya kuwasindikiza wenzake.

Nimejaribu kuuimba wimbo huo na wenzangu wachache baada ya mazoezi. Ni mgumu. Sikio linataka kurudi kwenye njia liliyoizoea, na mwimbaji lazima alikatalie. Lakini pale ngazi inapofika kwa alto, na soprano wakalazimika kutusikiliza sisi ili wasipotee, niliona nyuso za wanawake wenzangu zikibadilika. Linganisha na ile kwaya ya mateka ya mwaka 1842. Humo, kwa sehemu kubwa, watu wote wanaimba wimbo mmoja kwa pamoja, na ndiyo sababu taifa zima liliweza kuushika. Ni muziki wa kijana anayetaka umati umfuate. Mzee hakuutafuta umati.

Lakini kabla ya kuendelea na sala, nije kwenye kicheko, maana ndicho kinachodharauliwa zaidi. Historia ya Verdi na vichekesho ilianza katika matanga. Alizaliwa mwaka 1813 katika kijiji cha Le Roncole karibu na Busseto, Italia ya kaskazini, mtoto wa mwenye nyumba ya wageni. Akamwoa Margherita Barezzi, binti wa mfanyabiashara aliyemsaidia kusoma. Binti yao Virginia alifariki mwaka 1838. Mwana wao Icilio akafuata mwaka 1839. Juni 1840 Margherita mwenyewe akafariki. Katika miezi hiyo hiyo Verdi alikuwa amefungwa na mkataba wa jumba la La Scala, Milan, unaomtaka alete opera ya kuchekesha. Aliileta. Un giorno di regno ilionyeshwa tarehe 5 Septemba 1840, ikazomewa, na haikurudiwa msimu ule. Alikuwa na miaka 26, amezika nyumba nzima, na watu walimpigia miluzi kwa sababu hakuwachekesha vya kutosha.

Baada ya hapo alitunga misiba kwa nusu karne: watu wanachomwa visu, wanakunywa sumu, wanazikwa hai. Rossini, bingwa wa vichekesho, alipata kusema kwamba Verdi hana uwezo wa kutunga opera ya kuchekesha. Maneno hayo yalipochapwa mwaka 1879, Verdi alichukia, akamwandikia mchapishaji wake Ricordi kwamba miaka mingi amekuwa akitafuta hadithi ya namna hiyo. Hadithi ikaja mwaka 1889, mkononi mwa Arrigo Boito, mshairi na mtunzi aliyekuwa mdogo kwake kwa karibu miaka 30. Verdi aliogopa uzee. Aliuliza itakuwaje asipoimaliza. Boito akamjibu kwamba mtu aliyekwisha kuvitoa vilio vyote vya moyo wa binadamu anapaswa kufunga kazi yake kwa kicheko kikubwa. Walifanya kazi kwa siri. Mzee alitunga saa chache tu kwa siku, na katikati ya kazi alikuwa akipokea habari za vifo vya marafiki zake.

Falstaff ilionyeshwa La Scala tarehe 9 Februari 1893. Verdi alikuwa na miaka 79. Tangu ile ya kwanza iliyozomewa ilikuwa imepita zaidi ya miaka 52.

Wasomaji wa Kiswahili hawaanzi sifuri na hadithi hii. Boito aliichota kwa Shakespeare, na Shakespeare tunaye tangu Mwalimu Nyerere alipotupa Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi. Tena mwaka 2012, ukumbi wa Globe wa London ulipoziita tamthilia za Shakespeare kwa lugha mbalimbali za dunia, zamu ya Kiswahili ilikuwa ni tamthilia hii hii, ikiitwa Wanawake wa Heri wa Winsa. Iliandaliwa na kikundi cha Nairobi, na Falstaff alichezwa na Mrisho Mpoto. Kwa hiyo yule mnene anayejisifu amekwisha kusema lugha yetu mbele ya watu.

Kisa chenyewe ni hiki. Bwana Falstaff ni mzee mwenye tumbo kubwa na mfuko mtupu. Anaandika barua mbili za mapenzi, maneno yale yale, anawapelekea wanawake wawili walioolewa na wenye mali, Alice na Meg. Wanawake wanakutana, wanazilinganisha barua, wanaamua kumfunza adabu. Wanamtia ndani ya kapu la nguo chafu na kumtupa mtoni. Anatoka akiwa amelowa, na bado anadanganywa mara ya pili: anakwenda msituni usiku wa manane akiwa na pembe za kulungu kichwani, na huko mji mzima, ukiwa umejivika sura za mizimu, unamfinya na kumkaripia.

Mtu wa katikati katika njama zote hizo ni Quickly, na Quickly ni kontralto. Hapa ndipo alto wenzangu mnisikilize. Katika opera nyingi sauti nzito ya mwanamke hupewa mchawi, mama mzee au mke mwenye wivu. Quickly amepewa akili. Anaingia kwa Falstaff, anainama, anamsalimu kwa heshima iliyopita kiasi, na Verdi anaishusha salamu ile hadi noti za chini kabisa za kifua, mahali ambapo soprano hafiki. Okestra inainama pamoja naye. Falstaff anaamini kila neno. Kila alto aliyewahi kuambiwa kwamba sauti yake ni ya kujazia tu asikilize dakika chache hizo.

Watu wanaoikataa Falstaff husema haina nyimbo. Zimo, ila hazikai. Kuna kijiwimbo ambamo Falstaff anakumbuka alivyokuwa kijana mwembamba. Kinakwenda kama nusu dakika tu, na usiku ule wa kwanza mwimbaji Victor Maurel alitakiwa akirudie. Verdi kijana angekivuta kikawa beti tatu, na angeacha nafasi ya makofi. Mzee hasubiri makofi. Mwishoni mwa tendo la kwanza wanawake wanne wanapanga njama upande mmoja, wanaume watano wanapanga njama yao upande wa pili, na wote tisa wanaimba kwa wakati mmoja. Wanawake wanahesabu sita kwa nane, wanaume wanahesabu mbili kwa mbili. Mhakiki wa Ulaya huliita jambo hili la kustaajabisha. Mpiga ngoma wa kwetu atalitambua papo hapo, maana ndivyo ngoma zetu zinavyokwenda, tatu juu ya mbili, na hakuna anayeanguka.

Sasa sikiliza ile sehemu ya msituni, kwa sababu ndiyo mlango wa upande wa pili wa maneno yangu. Kengele inagonga mara kumi na mbili. Falstaff anahesabu kila mlio kwa hofu, na chini ya noti ile ile ya kengele okestra inabadilisha sauti zake kila mara. Halafu wanawake wanaanza kumwombea mzee huyu kwa mtindo wa litania, mmoja anaitikia mwenzake, kana kwamba wako kanisani. Aliyetunga pale alikuwa mtoto wa kanisa. Kabla hajavaa suruali ndefu alikuwa akipiga kinanda katika kanisa la kijijini kwao, na alizijua litania kama alivyojua njia ya kwenda kisimani. Na opera inamalizika kwa fuga, ufundi ule mgumu ambao alifundishwa akiwa kijana na mwalimu wake wa Milan, Vincenzo Lavigna. Falstaff mwenyewe, aliyechekwa usiku kucha, ndiye anayeanzisha. Wengine wanaingia mmoja baada ya mwingine, waimbaji kumi pamoja na kwaya, wakisema kwamba binadamu wote ni wa kuchekwa. Hakuna aliyeachwa nje ya kicheko hicho, na hakuna anayekitawala peke yake. Nikiisikia fuga hiyo karibu na ile Salamu Maria, nasikia mkono mmoja.

Yako malalamiko ya siku nyingi dhidi ya muziki wa dini wa Verdi. Yalianza na Misa ya Wafu aliyoitunga kumkumbuka mwandishi Alessandro Manzoni, iliyoimbwa katika kanisa la San Marco, Milan, tarehe 22 Mei 1874, mwaka mmoja kamili baada ya kifo cha Manzoni. Hans von Bülow, kondakta mashuhuri wa Ujerumani, aliandika kwamba ile ni opera iliyovishwa mavazi ya kanisa. Mwaka 1892 Bülow huyo huyo alimwandikia Verdi kumwomba radhi, na Verdi akampokea vizuri, lakini lawama ile ilikwisha kutembea. Novemba 1903 Papa Pius wa Kumi alitoa maagizo ya kuusafisha muziki wa kanisa na mitindo ya jukwaani, na katika maagizo hayo hayo wanawake wakazuiwa kuimba katika kwaya za kanisa. Kwa amri hiyo mimi nisingekuwa na pa kusimama.

Sisi tunayajua malalamiko haya kwa jina jingine. Wazazi wetu waliambiwa ngoma ni ya pombeni, haifai mbele ya altare. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, wa 1962 hadi 1965, ngoma, kayamba na vigelegele viliingia, na leo hakuna anayeweza kuwaambia waumini wa Tanzania kwamba sala yao si sala kwa kuwa ina mdundo. Ndiyo maana nashangaa ninapomsikia mwalimu wa kwaya wa kwetu akimkataa Verdi kwa hoja ile ile iliyotumika kutukataa sisi. Nimeimba misa nyingi za marehemu. Nimesimama hatua chache kutoka kwa jeneza huku mama wa marehemu akilia kwa sauti inayopita kwaya nzima. Anayedhani kifo kinastahili muziki mtulivu tu hajasimama hapo. Ile ngoma kubwa inayopigwa katika Misa ya Verdi, ikitangaza siku ya hukumu, naiona ni ya kweli kuliko utulivu mwingi ninaousikia.

Hata hivyo zile nyimbo nne za mwisho, zilizochapwa na Ricordi mwaka 1898, zimekwenda mbali zaidi ya Misa ile. Ya kwanza ni Salamu Maria niliyokwisha kuieleza. Stabat Mater, kwa kwaya na okestra, inaufuata wimbo ule wa kale wa Mama aliyesimama chini ya msalaba, ambao sisi Wakatoliki tunaujua tangu utoto, beti zake zikiimbwa kituo baada ya kituo katika Njia ya Msalaba. Watunzi wengine huurefusha: kila ubeti unapewa wimbo wake, maneno yanarudiwarudiwa. Verdi harudii hata neno moja. Anapita beti zote 20 kwa dakika kama kumi na mbili, kwa mwendo wa mtu anayetazama tukio likitokea mbele yake na hawezi kulizuia. Mtu huyu alizika watoto wawili. Hajaliweka hilo mbele yetu, na hana haja.

Te Deum ndiyo iliyo kuu kati ya hizo nne. Ni wimbo wa shukrani, ambao kanisani huimbwa mwisho wa mwaka na katika sikukuu kubwa, na zamani wafalme waliimbiwa baada ya kushinda vita. Watunzi wengi huumaliza kwa tarumbeta. Verdi aliyasoma maneno hadi mwisho, akaona kwamba sifa zinageuka kuwa ombi, na ombi linageuka kuwa hofu. Alimweleza jambo hilo Giovanni Tebaldini, mtaalamu wa muziki wa kanisa, katika barua ya mwaka 1896. Akaweka kwaya mbili, kila moja sauti nne, pamoja na okestra kubwa. Mwanzoni wanaume wanaanza bila ala, kwa mtindo wa kale wa watawa. Sauti zinapanda hadi jengo linatetemeka. Kisha, karibu na mwisho, kila kitu kinapungua, na kutoka ndani ya kwaya inatoka sauti moja ya soprano inayosema kwamba imetumaini. Kwaya inaitikia. Halafu okestra inashuka chini kabisa na kunyamaza.

Mke wake wa pili, Giuseppina Strepponi, mwanamke wa sala, aliwahi kuandika katika barua kwamba hawezi kumwita mumewe mkana Mungu, lakini ni mtu wa imani kidogo sana. Wapo wanaosema basi sala zake si za kweli. Mimi naona kinyume. Nyimbo nyingi tunazoimba zimetungwa na watu wenye uhakika, na zinawafaa wenye uhakika. Mwenye shaka aliyekaa benchi la nyuma, aliyekuja kwa sababu ya mazishi, hana wimbo. Verdi alimtungia. Inasimuliwa kwamba alitaka nakala ya Te Deum iwekwe ndani ya jeneza lake, nami naamini alijua alichokuwa akikiomba.

Wimbo uliobaki ni Laudi alla Vergine Maria, na kwa huo nawageukia walimu wenzangu wa kwaya. Maneno yake ni sala kwa Bikira Maria kutoka kwenye wimbo wa mwisho wa utenzi wa mshairi Dante kuhusu safari yake mbinguni. Ni wa wanawake watupu, sauti nne, bila okestra wala kinanda. Hauna sauti ya kujazia. Alto wa pili ana kazi sawa na soprano wa kwanza. Ulipoimbwa kwa mara ya kwanza mbele ya watu, Paris, Aprili 1898, pamoja na Stabat Mater na Te Deum, Verdi hakuwepo, madaktari walikuwa wamemkataza safari. Mwaka uliotangulia alikuwa amemzika Giuseppina. Fedha zake aliziweka katika nyumba ya kutunzia wanamuziki wazee wasio na kitu, huko Milan, na nyumba hiyo ndiyo aliyoihesabu kuwa kazi yake bora. Alifariki tarehe 27 Januari 1901, na hatimaye akalazwa humo pamoja na mkewe.

Kwaya zetu nyingi zina wanawake wengi kuliko wanaume, na kila mwalimu amewahi kulalamika siku ambayo tenori hawakutokea. Laudi haihitaji tenori. Haihitaji umeme, haihitaji spika, inachukua dakika tano au sita. Nota zake zinapatikana bure mtandaoni, kwa sababu hakimiliki ya Verdi imekwisha kitambo. Mwenye kujua sol-fa anaweza kuziandika upya kwa do-re-mi kwa jioni chache, na Kiitaliano husomeka karibu kama kinavyoandikwa, jambo ambalo sisi wa Kiswahili tumelizoea. Mwezi Mei, mwezi wa Bikira Maria, unatosha kabisa kuwa lengo. Wapeni alto mazoezi mawili ya peke yao kwanza.